Nguo zinazosafishwa na jua: Kajiado itafaidi nini?

MAHALI ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, kufua nguo si kazi ya mikono pekee bali pia ni suala la mfuko. Wakazi wa Kitengela na sehemu nyingi za Kaunti ya Kajiado wanalifahamu hilo vyema. Bomba la Nolturesh, linaloleta maji kutoka Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, halitoshelezi mahitaji ya mji ambao sensa ya 2019 iliuhesabia zaidi ya watu 150,000. Maji ya visima vingi nayo yana chumvi.

Jua, kwa upande wake, halina uhaba. Kajiado iko takriban digrii mbili tu kusini mwa Ikweta, na Kitengela yenyewe imeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo, hewa ni nyembamba na miali ya jua hufika ardhini ikiwa na makali zaidi kuliko pwani.

Ndiposa kuna taaluma moja ya vitambaa inayostahili kuangaliwa kwa makini na watu wa eneo hili. Ni taaluma ya kupaka nyuzi za nguo vichocheo vinavyoamshwa na nuru, ili mwangaza wa jua uweze kuondoa madoa, kuua viini na kumaliza harufu ya jasho. Je, taaluma hiyo inaweza kumpunguzia mkazi wa Kajiado mzigo wa maji? Jibu ni kwamba inaweza kwa kiasi fulani, ila kuna uchafu ambao haitauondoa kamwe. Anayetaka kuinunua, au kuitengeneza, sharti ajue mpaka huo uko wapi.

Ushahidi uliopatikana Kajiado

Kwamba jua linaua viini si jambo la kubahatisha. Mojawapo ya majaribio yanayotajwa sana ulimwenguni kuhusu suala hilo lilifanyika miongoni mwa Wamaasai wa Kajiado.

Katika miaka ya 1990, watafiti waliokuwa pamoja na Ronán Conroy na Kevin McGuigan wa chuo cha Royal College of Surgeons in Ireland, wakishirikiana na Michael Elmore-Meegan, walizipa familia chupa za plastiki zinazopenya mwanga. Baadhi ya familia ziliombwa kuweka chupa zilizojaa maji ya kunywa juu ya paa mchana kutwa. Nyingine ziliombwa kuziweka ndani ya nyumba.

Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 1996 yalionyesha kuwa watoto waliokunywa maji yaliyoanikwa juani waliugua kuhara kwa kiwango cha chini kuliko wenzao.

Baadaye kipindupindu kilizuka katika eneo la utafiti, na takwimu zilizochapishwa mwaka wa 2001 zikawa za kushangaza zaidi. Kati ya watoto 155 wenye umri wa chini ya miaka sita waliokuwa wakinywa maji ya juani, ni watatu pekee waliougua. Miongoni mwa watoto 144 wa umri huohuo waliokunywa maji yasiyoanikwa, walioambukizwa walikuwa 20.

Ndani ya chupa hizo hamkuwa na dawa yoyote. Lilikuwa jua tupu, kwa joto lake na kwa miali yake ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho lakini inayochoma ngozi. Vichocheo vya nuru huendeleza kazi hiyo hatua moja mbele. Huichukua nguvu ya miali hiyo na kuigeuza kuwa silaha inayoushambulia uchafu papo hapo ulipokwama.

Jinsi kichocheo kinavyofanya kazi

Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha badiliko la kikemikali bila chenyewe kutumika na kuisha. Mtu anaweza kukilinganisha na mshenga. Mshenga huzikutanisha pande mbili hadi zikaoana, kisha hurejea kwake vile alivyokuja, tayari kutumwa tena.

Kichocheo kinachotumika sana katika vitambaa ni dioksidi ya titaniamu. Wengi wetu tumeigusa bila kuijua jina. Ni unga mweupe unaozipa rangi za nyumba weupe wake, na hutiwa pia katika dawa ya meno na mafuta ya kukinga ngozi dhidi ya jua.

Nguvu yake ya kipekee ilibainika nchini Japani. Mnamo 1967, Akira Fujishima, aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa Kenichi Honda katika Chuo Kikuu cha Tokyo, aliona kwamba madini hayo yakizamishwa ndani ya maji na kumulikwa yanaweza kuyatenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Wawili hao walichapisha ugunduzi wao katika jarida la Nature mwaka wa 1972.

Yanayotokea ndani ya chembe hiyo ni haya. Miali ya urujuanimno inapoipiga, elektroni hurushwa kutoka mahali pake na kuacha pengo. Pengo hilo lina uchu mkubwa wa kupata elektroni nyingine, na huinyakua kutoka kwa unyevu uliogandamana na kitambaa. Kwa kufanya hivyo huzalisha vipande vya molekuli viitwavyo radikali za haidroksili. Ile elektroni iliyoruka nayo hudakwa na oksijeni ya hewani, nayo oksijeni hiyo ikawa kali kuliko kawaida yake.

Radikali hizo huishi kwa muda mfupi mno, lakini katika muda huo huvunja karibu kila kitu chenye asili ya uhai: mafuta, jasho, chai, damu, moshi na ngozi ya nje ya bakteria. Uchafu huo huvunjwavunjwa hadi, kazi ikikamilika, unakuwa gesi ya dioksidi ya kaboni na maji. Chembe yenyewe hubaki ilivyo, ikisubiri miali mingine.

Kutoka kwa kioo hadi pamba

Waliotangulia kuitumia taaluma hii hawakuwa mafundi wa nguo bali wajenzi. Mnamo 2001 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilileta sokoni kioo cha madirisha kinachojisafisha. Mnamo 2003 kanisa la Jubilee lilifunguliwa jijini Rome, Italia, likiwa limejengwa kwa saruji nyeupe iliyochanganywa na dioksidi ya titaniamu ili moshi wa magari usiichafue.

Kuihamisha taaluma hiyo hadi kwenye nguo kulikuwa na kikwazo. Ili chembe za titaniamu zijipange katika umbo linalofaa, kwa kawaida huhitaji joto la mamia ya digrii. Kioo na vigae hustahimili joto hilo, lakini pamba ingeungua.

Suluhisho lilitoka Hong Kong. Mnamo 2004, Walid Daoud na John Xin wa Chuo Kikuu cha Hong Kong Polytechnic walionyesha jinsi ya kuotesha chembe hizo juu ya pamba kwa joto lisilozidi kiwango cha maji yanayochemka. Kitambaa huchovywa katika mchanganyiko wa majimaji, hukamuliwa kati ya magurudumu mawili, hukaushwa, kisha hutiwa joto ili chembe zishike.

Chembe zenyewe zina upana wa takriban nanomita 20. Ukizipanga msitari mmoja, utahitaji maelfu yake ili kuufikia upana wa unywele mmoja wa binadamu. Ndiyo maana kitambaa hakionekani kuwa kimepakwa chochote.

Palibaki tatizo moja. Dioksidi ya titaniamu ya kawaida huamshwa na urujuanimno pekee, na miali hiyo ni takriban asilimia tano tu ya nguvu ya jua. Ndani ya nyumba, chini ya taa ya kawaida, kitambaa hicho karibu kinalala. Kwa hiyo watafiti wamekuwa wakitafuta njia za kukifanya kiitikie pia nuru inayoonekana, kwa mfano kwa kuchanganya chembe hizo na naitrojeni.

Mnamo 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, Australia, walitumia vijichembe vya shaba na fedha badala ya titaniamu. Walitangaza kwamba baadhi ya madoa yao ya majaribio yalitoweka kwa muda usiofika dakika sita chini ya mwanga. Hayo lakini yalikuwa majaribio ya maabara. Madoa ya kawaida, kama vile ya kahawa au chai kwenye pamba yenye titaniamu, huchukua saa nyingi za jua, na pengine zaidi ya siku moja.

Doa linaloondoka na linalobaki

Hapa ndipo mkazi wa Kajiado anapopaswa kutega sikio. Kichocheo cha nuru huvunja uchafu wenye asili ya mimea, wanyama au mafuta. Hakivunji mawe.

Vumbi linalotimka katika barabara za mitaa ya Kitengela, lile la machimbo ya mawe, na lile la viwanda vya saruji vya Athi River ni madini matupu. Hakuna jua litakalolila. Kichocheo kinaweza tu kuvunja mafuta na jasho vinavyolinatisha vumbi hilo kwenye nyuzi, ili likung'utwe au lisuuzwe kwa maji machache zaidi.

Shuka ya mfugaji ni mfano mzuri. Ikipakwa kichocheo, mafuta ya maziwa, moshi wa nyumbani na harufu ya zizi vitapungua kila inapopigwa na jua malishoni. Lakini iwapo ina ngeu iliyochanganywa na mafuta, kama ile wanayojipaka morani, mafuta yatavunjwa na wekundu utabaki, kwa kuwa ngeu ni oksidi ya chuma.

Kuna hatari nyingine kwa shuka hiyo. Radikali hazitofautishi doa na rangi ya kiwanda. Rangi nyingi za nguo zina asili ileile ya kikemia inayovunjwa na kichocheo, na kwa sababu hiyo wekundu ambao mwenye shuka anaupenda unaweza kupauka upesi. Pamba yenyewe pia ni zao la mmea, na inaweza kudhoofishwa na dawa iliyokusudiwa kuihifadhi. Watengenezaji makini hutanguliza utando mwembamba wa silika kati ya uzi na kichocheo ili kuukinga uzi.

Kutokana na hayo, nguo zinazofaidika zaidi ni zile nyeupe au za rangi hafifu, zinazokaa juani, na zinazochafuliwa na jasho, mafuta au viini. Mahema, mapazia, makoti ya wahudumu wa afya yanayoanikwa nje na sare za wanaofanya kazi uwanjani ni baadhi yake. Shuka za kitanda katika wodi yenye giza hazimo katika orodha hiyo.

Ipo faida moja isiyotegemea madoa. Dioksidi ya titaniamu, sawa na oksidi ya zinki, huizuia miali ya urujuanimno isipenye kitambaa. Shati jepesi la pamba nyeupe huruhusu miali mingi kupita, ilhali kitambaa chenye kiwango cha kinga cha 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya 50. Kwa watu wenye ualbino wanaoishi chini ya jua kali la nyanda hizi, tofauti hiyo ni suala la afya ya ngozi na ya maisha yenyewe.

Cherehani zetu, kitambaa cha wengine

Suala hili lina upande wa kiuchumi pia. Ng'ambo tu ya Kitengela, katika Kaunti ya Machakos, kuna eneo la Athi River la viwanda vya kuuza bidhaa nje, maarufu kama EPZ. Mfumo huo uliasisiwa kwa sheria ya 1990, na ushonaji ukashika kasi baada ya Marekani kupitisha sheria ya AGOA mwaka wa 2000, iliyoruhusu nguo za Afrika kuingia nchini humo bila ushuru. Wafanyakazi wengi wa viwanda hivyo wamepanga nyumba Kitengela, na mji huo ulikua pamoja na viwanda hivyo.

Hata hivyo, kazi kubwa katika viwanda hivyo imekuwa kukata na kushona. Kitambaa chenyewe aghalabu huagizwa kutoka Asia kikiwa kimeshafumwa, kimeshatiwa rangi na kimeshapakwa dawa za kukikamilisha. Mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ya nguo ulipokoma Januari 1, 2005, ilidhihirika jinsi biashara ya kushona pekee ilivyo rahisi kunyakuliwa na yeyote mwenye gharama nafuu zaidi.

Kinachopandisha bei ya nguo ni sifa ambayo jirani hana. Dawa za vichocheo si lazima zipakwe kiwanda cha kufuma. Zinaweza kutiwa baada ya nguo kushonwa, katika mitambo ileile inayotumika kufua na kulainisha jinzi.

Hata malighafi haikuwa mbali. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye titaniamu katika Kaunti ya Kwale na kuusafirisha nje ya nchi. Ni kweli kwamba mchanga huo hauwezi kupakwa nguo ulivyo. Sharti usafishwe katika viwanda vikubwa vya kemikali kabla ya kuwa unga mweupe. Lakini kwa muda wa zaidi ya muongo mmoja, Kenya iliuza mchanga ikanunua rangi, na ikaagiza vitambaa ambavyo ilibakia kuvishonea vifungo.

Ujuzi wa kuanzia upo. Chuo Kikuu cha Moi hufunza uhandisi wa nguo, na mwaka wa 2007 kilinunua kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret. Kinachohitajika ni daraja kati ya maabara za vyuo na sakafu za viwanda vya Athi River, ili mfanyakazi anayelala Kitengela asibaki kuwa mtu wa kushona mikono ya shati tu.

Madhara yasiyopuuzwa

Teknolojia yoyote ina gharama yake. Mnamo 2006, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka dioksidi ya titaniamu katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani vinapovutwa puani kama vumbi. Mnamo 2022, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kutumiwa kama kiungo cha kuvipa vyakula weupe.

Uamuzi huo haumaanishi kwamba shati lililopakwa vizuri litamdhuru anayelivaa. Chembe zilizoshikamana na uzi hazivutwi puani. Aliye hatarini zaidi ni mfanyakazi anayeupima unga mkavu au anayekata vitambaa katika chumba kisicho na hewa ya kutosha. Kiwanda kitakacholeta dawa hizi bila kuleta barakoa zinazofaa na mashine za kufyonza vumbi kitakuwa kimehamishia gharama kwenye mapafu ya wafanyakazi wake.

Pili ni mto. Mwaka wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State nchini Marekani walifua soksi zilizouzwa kwa madai kwamba fedha iliyomo huua viini. Baadhi zilipoteza karibu fedha yote baada ya kufuliwa mara chache. Mto Athi huteremka hadi kuwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji yake baharini karibu na Malindi. Kinachotoka kwenye nguo za Kitengela hakiishii Kitengela.

Maswali ya mnunuzi

Nguo zinazodaiwa kujisafisha au kuua viini huuzwa kwa bei ya juu. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi ana haki ya kuuliza maswali matatu.

Kwanza, ni dawa gani iliyopakwa, na je, inahitaji jua au hata nuru ya ndani inatosha? Pili, inabaki na nguvu baada ya kufuliwa mara ngapi? Tatu, imepimwa kwa kiwango kipi? Vipo viwango vya kimataifa vya kupima vichocheo vya nuru, kikiwemo ISO 27447 cha uwezo wa kuua bakteria. Shule, hospitali au idara ya serikali inayonunua sare kwa wingi inafaa kudai cheti cha kipimo hicho.

Mtu binafsi anaweza pia kujifanyia jaribio jepesi. Adondoshe chai kwenye pembe mbili za kitambaa hicho, na kwenye kipande cha kitambaa cha kawaida cha aina na rangi ileile. Pembe moja aifunike kabisa, kisha avianike vyote juani kwa siku mbili. Kipande cha kawaida ni muhimu kwa kuwa jua lenyewe hupausha madoa hata pasipo dawa. Iwapo doa la kitambaa cha bei ghali halikufifia kuliko la kile cha kawaida, basi alichouziwa ni maneno.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sabuni, maji na kamba ya kuanikia nguo vitaendelea kuhitajika Kitengela, kwa sababu vumbi la Kajiado haliliki na jua. Kichocheo cha nuru kinaweza kurefusha muda kati ya mfuo mmoja na mwingine. Katika mji unaonunua maji kwa mtungi, hata hilo pekee ni akiba ya kuhesabika.